Gari Hili Lilitengenezwa Mwaka Gani? Kisa cha Msafara wa Brighton na Klabu Iliyobeba Kazi ya Ushahidi

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba, kabla jua halijachomoza, mamia ya magari makongwe hupangwa katika bustani ya Hyde Park jijini London yakingoja kuanza safari ya kwenda Brighton, mji wa pwani ulio kusini mwa Uingereza, mwendo wa takriban maili 60, yaani karibu kilomita 96. Haya si mashindano. Hakuna wa kwanza wala wa pili, na dereva haruhusiwi kuendesha kwa wastani unaozidi maili 20 kwa saa. Anayefika kabla ya saa kumi na nusu alasiri hupewa medali, awe ametangulia au awe ametokea huku msafara ukikaribia kufungwa. Lakini lipo sharti moja ambalo ndilo mlango wa shughuli nzima: gari liwe limetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905. Lililotoka kiwandani mwezi wa Desemba 1904 lina haki ya kuingia, na lililotoka wiki chache baadaye, hata kama ni pacha wake kwa kila bolti na kila nati, halina haki hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua vizuri uzito wa mwaka wa gari, ila kwetu uzito huo unaelemea upande wa pili. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililovuka umri uliowekwa, kwa hiyo anayeagiza gari kutoka Japani huomba liwe changa kadiri mfuko wake unavyoruhusu, na maneno kama mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza huzungumzwa bandarini na gerejini kila siku. Huko Brighton mambo yamepinduka, kwani kila mmoja angependa gari lake liwe na umri mkubwa zaidi. Kishawishi ni kilekile, na ugumu wa kuthibitisha ni uleule. Kisa ninachokichambua hapa ni jinsi mkusanyiko wa wenye magari ulivyozaa klabu mwaka 1930, na jinsi klabu hiyo ilivyolazimika kuwa shahidi wa jambo ambalo wanachama wake hawawezi kulimaliza kwa kura, hata wakikutana kila mwaka na hata wakikubaliana wote.

Asili ya safari yenyewe ni sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliyabana magari yote yanayojiendesha yasizidi mwendo wa maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 kwa saa mijini, na ikataka mtu atembee mbele kwa miguu, umbali wa yadi 60, akiwa ameshika bendera nyekundu ya kuonya wapanda farasi. Sharti la bendera lililegezwa mwaka 1878, lakini sharti la mtu wa kutangulia lilibaki. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 14 Novemba 1896 ilimwondoa mtu huyo barabarani na ikaruhusu mwendo wa hadi maili 14 kwa saa, ambao mamlaka za serikali zilizokuwa na dhamana ya barabara ziliushusha hadi maili 12. Siku hiyohiyo mfanyabiashara Harry Lawson, aliyekuwa amenunua haki za uvumbuzi wa magari kwa wingi na kuanzisha kampuni ya Daimler ya Uingereza, aliandaa safari ya kutoka London hadi Brighton kusherehekea uhuru huo. Asubuhi, mbele ya wageni waliokuwa wakipata kifungua kinywa hotelini, bwana mmoja mwenye cheo cha ukabaila, Winchilsea, aliichana bendera nyekundu. Bendera huchanwa hadi leo pale Hyde Park kabla ya gari la kwanza kuondoka.

Safari ya 1896 ilikuwa na mvua, upepo na matope. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni kwamba magari 33 yaliondoka na 17 yakafika, na waliotangulia kufika walikuwa Wafaransa wa familia ya Bollée katika vigari vyao vya magurudumu matatu. Kuna habari nyingine iliyoshikamana na siku hiyo ambayo wapenzi wa magari ya kale wanaisimulia hadi leo: inadaiwa kwamba gari moja kati ya yaliyohesabiwa kuwa yamefika lilipakiwa katika garimoshi, likateremshwa karibu na Brighton, likapakwa matope, kisha likavuka mstari wa mwisho pamoja na yale yaliyoteseka njia nzima. Iwe kweli au iwe uzushi, naona ina maana kubwa katika kisa hiki. Tangu siku ya kwanza kabisa, msafara huu ulikuwa na swali ambalo hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulijibu: gari hili ndilo lile wanaloliambia umma kuwa ndilo? Lawson mwenyewe hakuwa mtu wa kuachiwa swali la aina hiyo, kwani mwaka 1904 alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa kifedha na kuhukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na kazi ngumu.

Baada ya hapo miaka ilipita bila msafara wa kumbukumbu. Magari ya 1896 yaligeuka chuma chakavu haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kuuzwa kwa bei kubwa, maana teknolojia ilikuwa ikibadilika kila msimu, na gari la silinda moja lenye mkono wa kupindia badala ya usukani lilichekwa barabarani hata kabla halijafikisha miaka kumi. Mengi yaliyeyushwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mengine yalisukumwa nyuma ya ghala yakafunikwa na nyasi kavu na kinyesi cha kuku. Mwaka 1927 gazeti la Daily Sketch liliifufua safari ya Brighton kama tukio la kuvutia wasomaji, na watu walijipanga barabarani kucheka na kushangilia. Mwaka 1930 uongozi wa msafara ulichukuliwa na Royal Automobile Club, na safari ya mwaka huo ndiyo iliyoleta jambo ambalo halikuwa katika ratiba.

Jioni, baada ya magari kufika, baadhi ya washiriki walikutana katika hoteli ya Old Ship, jengo la siku nyingi linalotazama bahari pale Brighton. Katika mazungumzo yao, watu watatu ndio wanaotajwa kuwa waasisi wa wazo lililotokea: S. C. H. Davis, Jackie Masters na John Wylie. Davis hakuwa mtu wa kawaida katika ulimwengu wa magari. Alikuwa mhariri wa michezo wa jarida la The Autocar, na mwaka 1927 alikuwa ameshinda mbio za saa 24 za Le Mans akiendesha kwa zamu na daktari Benjafield katika gari la Bentley lililokuwa limegongwa na kupinda usiku katika ajali kubwa iliyohusisha magari kadhaa. Mtu aliyekwisha kuendesha gari la kasi kiasi hicho alikuwa ameyapenda pia magari yanayopanda kilima kwa kusukumwa na abiria. Wazo lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa: wenye magari haya wanakutana mara moja kwa mwaka, wanakula pamoja, kisha wanatawanyika na kila mmoja anarudi kupambana peke yake na kabureta asiyoielewa na spea zisizouzwa tena popote. Kwa nini wasiwe na chama? Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Veteran Car Club of Great Britain, na tangu wakati huo klabu na msafara vimeandamana.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu kilichofuata ndicho kiini cha kisa. Klabu ya wenye magari huonekana kwa nje kuwa ni urafiki, matembezi, chakula cha jioni na mkutano mkuu wa mwaka ambamo katibu husoma taarifa, mweka hazina husoma hesabu, na viongozi huchaguliwa kwa mikono iliyoinuliwa. Hayo yote yanaendeshwa kwa kura, na kura inatosha. Wanachama wakitaka ada ipande, wataipandisha. Wakitaka matembezi ya mwakani yafanyike mahali pengine, watayahamisha. Lakini klabu iliyojengwa juu ya umri wa magari ina swali moja ambalo kura haiwezi kuligusa. Wanachama wote wakiinua mikono kwamba gari la mwenzao ni la 1904, na chuma chenyewe kikasema 1906, basi gari ni la 1906. Na ubaya ni kwamba anayeulizwa ni rafiki wa kila aliyemo ukumbini, pengine ndiye aliyewakopesha magneto, kifaa cha kuzalisha cheche za injini, msimu uliopita, au ndiye mwenye ghala ambamo wanakutana.

Mtu anaweza kudhani kwamba nyaraka zingemaliza ubishi. Zisingeumaliza, na sababu yake ni ya kushangaza. Usajili wa lazima wa magari nchini Uingereza ulianza tarehe 1 Januari 1904, chini ya sheria ya mwaka 1903 iliyoleta pia namba za usajili, leseni ya udereva na mwendo wa juu wa maili 20 kwa saa. Namba A 1 ilikwenda kwa Earl Russell jijini London. Sasa linganisha tarehe hizo mbili: usajili unaanza mwanzoni mwa 1904, na mlango wa Brighton unafungwa mwishoni mwa 1904. Maana yake ni kwamba karibu magari yote yanayostahili msafara yalitengenezwa ama kabla daftari la kwanza halijafunguliwa ama ndani ya mwaka wa kwanza wa daftari hilo. Magari yaliyokuwa barabarani tangu 1898 au 1901 yaliandikishwa katika foleni moja na yale yaliyotoka dukani wiki hiyo. Namba ya usajili, ambayo kwa gari la 1930 ingekuwa ushahidi mzuri, kwa gari la enzi hii haikuambii mengi. Kuna magari mengine yaliyokuja Uingereza miongo mingi baadaye kutoka Ufaransa au Marekani, na hayo hayana hata namba hiyo ya kubabaisha.

Kwa hiyo klabu ikawa na kamati maalumu ya kupanga umri wa magari, na kazi ya kamati hiyo ni ya chuma kabla ya kuwa ya karatasi. Namba ya chesisi, namba ya injini, umbo la sehemu zilizosubuliwa, aina ya gia, jinsi maji ya kupoza yanavyozunguka, kama vali ya kuingizia mafuta inafunguliwa na mvutano wa pistoni au na mtambo wake yenyewe, kama moto unawashwa kwa kibomba cha metali kilichochomwa mpaka kikaiva au kwa koili ya umeme: kila kipengele kina mwaka wake wa kuingia na mwaka wake wa kutoweka. Maelezo hayo hulinganishwa na katalogi za viwanda, matangazo ya magazeti ya wakati ule, michoro ya haki za uvumbuzi na magari mengine ambayo umri wake umekwisha kujulikana. Mwisho wake hutolewa cheti kinachotaja mwaka ambao kamati imeridhika nao. Kwa kusoma tu orodha hiyo mtu atadhani kazi ni rahisi mradi uwe na subira, kwa hiyo nitaje mitego mitatu ambayo mimi naiona kuwa migumu zaidi.

Mtego wa kwanza ni injini. Kiwanda cha De Dion-Bouton cha Ufaransa kiliuza injini zake kwa makumi ya viwanda vingine ambavyo vilitengeneza chesisi na bodi na kubandika jina lao mbele. Injini yenye namba inayosomeka vizuri na kuangukia mwaka 1902 inaweza kuwa ilikaa ghalani kwa miezi mingi kabla ya kufungwa katika gari, au ikawa ilitolewa katika gari jingine kabisa lililokufa na kupandikizwa hapa mwaka 1920, au ikawa iliendesha pampu ya shambani kwa miaka 30 na kurudishwa barabarani na mpenzi wa magari. Namba ni ya kweli, gari si la kweli. Anayetaka kudanganya hahitaji kughushi chochote, anahitaji tu kununua injini sahihi.

Mtego wa pili ni kalenda ya biashara. Maonyesho makubwa ya magari ya Paris katika miaka hiyo yalifanyika mwezi wa Desemba, na kiwanda kilichoonyesha gari jipya Desemba 1904 kilikuwa kikiuza gari la msimu wa 1905. Je, gari hilo ni la mwaka gani? Msafara unauliza lini lilitengenezwa, katalogi inajibu lilikuwa toleo la msimu gani, na stakabadhi ya mnunuzi inasema lilikabidhiwa lini. Majibu matatu, yote ya kweli, na yote yanaweza kutofautiana kwa miezi kadhaa. Kwa gari la kawaida tofauti hiyo haina madhara, lakini kwa gari linalosimama mpakani hasa, miezi mitatu ndiyo kila kitu.

Mtego wa tatu ni gari lililoundwa kwa vipande vya magari mawili au matatu. Katika miaka ya mwanzo vipande vingi vilisawazishwa kwa tupa na mkono wa fundi mpaka vikaingiana, kwa hiyo kipande cha gari moja kilikataa kukaa katika gari jingine, na ukataaji huo wenyewe ulikuwa ushahidi. Mwaka 1908 kampuni ya Cadillac ilionyesha kwamba enzi hiyo inaondoka: magari yake matatu yalifunguliwa yote katika uwanja wa mbio za magari wa Brooklands, Uingereza, chini ya usimamizi wa Royal Automobile Club, vipande vikachanganywa, magari matatu yakaundwa upya kutoka katika rundo hilo, na yakaendeshwa maili 500 bila hitilafu ya maana. Ulikuwa ushindi mkubwa wa uhandisi, na Cadillac ilituzwa kikombe cha Dewar kwa ajili yake. Lakini kwa mtu anayetafuta ukweli wa gari moja, siku ile ilileta tatizo ambalo halijaondoka. Gari ambalo kila kipande chake kinaweza kuwa kilitoka kwa jirani yake ni gari gani?

Swali hilo lilifika hata mahakamani, na sioni namna ya kulichambua suala la klabu bila kulitaja. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya London, chini ya Jaji Otton, ilisikiliza ugomvi wa mauzo ya gari la Bentley lililojulikana kama Old Number One, lililoshinda Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Mnunuzi alikuwa amekubali kulipa mamilioni ya pauni, kisha akataka kujiondoa kwa hoja kwamba gari aliloonyeshwa halikuwa tena lile lililoshinda, kwa kuwa sehemu zake nyingi zilikuwa zimebadilishwa. Hoja ya kubadilishwa ilikuwa kweli: gari lilifanyiwa marekebisho kwa ajili ya mbio zilizofuata, likafungwa injini kubwa zaidi, likapata ajali Brooklands mwaka 1932 iliyomuua dereva Clive Dunfee, likajengwa upya likiwa na bodi iliyofunikwa, na miongo kadhaa baadaye likarudishwa katika sura yake ya mbio. Jaji alikataa kuliita gari hilo la asili kwa maana ya kwamba vipande ni vilevile. Hata hivyo aliona kwamba halikuwahi kutoweka. Lilikuwa limeendelea kuwapo kama kitu kimoja kinachojulikana, likibadilika hatua kwa hatua, na kwa sababu hiyo lilistahili kuitwa Old Number One halisi. Muuzaji alishinda.

Wapo wanaoiona hukumu hiyo kuwa mlango uliofunguliwa kwa wajanja. Mimi naiona kinyume. Ilichofanya ni kuhamisha uzito wa ushahidi kutoka katika chuma peke yake kwenda katika historia isiyokatika: nani alikuwa nalo, lini lilifunguliwa, nani aliyelifungua, kipande kipi kilitoka na kipi kikaingia. Gari lenye chesisi iliyobadilishwa lakini lenye simulizi kamili lina hadhi. Gari lililojitokeza ghafla likiwa na vipande vyote sahihi bila simulizi yoyote linastahili kuulizwa maswali. Na simulizi ya aina hiyo haihifadhiwi na mwenye gari mmoja, kwa sababu mwenye gari hufa, huuza, hufilisika. Inahifadhiwa na chama.

Fedha zimeufanya uzito huo kuwa mkubwa kuliko waasisi wa mwaka 1930 walivyoweza kufikiri. Ijumaa inayotangulia msafara, nyumba ya mnada ya Bonhams huuza magari ya enzi hiyo jijini London, na katika maelezo ya gari utakuta limetajwa kama lina cheti cha umri kutoka katika klabu. Mnunuzi hanunui tu shaba na mbao. Ananunua haki ya kusimama Hyde Park Jumapili. Gari linalopewa mwaka 1904 na jingine la muundo uleule linalopewa 1905 hayauzwi kwa bei ya kukaribiana, na kuna magari ambayo baada ya kuchunguzwa upya yalisogezwa upande wa pili wa mpaka. Mwenye gari kama hilo, aliyelinunua kwa nia njema na kuliendesha Brighton miaka nenda miaka rudi, hupoteza mambo mawili kwa barua moja. Namhurumia kwa dhati. Hata hivyo sioni jinsi klabu ingeweza kumwachia nafasi yake bila kuvunja thamani ya vyeti vya wengine wote, na nadhani hapo ndipo hekima ya kuitenga kazi ya kupima umri na shughuli za kawaida za chama inapoonekana. Suala hilo likipelekwa ukumbini siku ya mkutano mkuu, watu watampigia kura mwenzao wanayemjua, si gari lake. Watafanya hivyo kwa upendo, na upendo huo utaiua klabu.

Serikali ya Uingereza nayo ilikuja kuutegemea ushahidi wa vyama vya aina hii. Usajili wa magari ulipohamishwa kutoka katika halmashauri na kuwekwa katika ofisi moja ya taifa huko Swansea, madaftari mengi ya zamani yalitupwa, na magari ambayo wenyewe hawakuyaingiza katika kompyuta kufikia mwaka 1983 yalipoteza namba zao. Baadaye uliwekwa utaratibu wa kuirudisha namba ya awali, na katika utaratibu huo ombi la mwenye gari lazima lithibitishwe na klabu iliyotambuliwa. Fikiria maana yake. Dola iliyokuwa na daftari ililipoteza daftari lake, ikaja kuuliza kwa wapenzi waliokuwa wakikusanya picha, risiti na barua kwa kujifurahisha tu.

Kwetu kuna somo la moja kwa moja, na silileti kwa kulazimisha. Nairobi ina mkusanyiko wake mkubwa wa kila mwaka, Concours d'Elegance, unaoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambapo waamuzi hukagua injini, bodi, viti na hata chini ya gari na kutoa alama. Kazi hiyo ya waamuzi ni ya hali ya gari: usafi, uzima, ufundi wa urejeshaji. Swali la Brighton ni jingine, nalo linakuja kwetu kwa njia ya Safari. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoshinda yalikuwa ya aina zilizojaa barabarani: Volkswagen ya kobe, Peugeot 404, baadaye Peugeot 504. Mwaka 1968 magari 93 yalianza na 7 tu yakamaliza, na Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ikashinda. Sasa mtu akija leo na 404 nyeupe akidai kwamba ndiyo iliyokuwa mbele siku ile, au kwamba ilikuwa miongoni mwa yale 86 yaliyozama katika matope, nani anao uwezo wa kusema ndiyo au hapana? Magari ya mbio yalibadilishwa milango, injini na hata chesisi usiku mmoja njiani, kisha yakauzwa, yakafanya teksi, yakabeba maziwa, yakapata rangi mpya mara nne.

Ugumu wetu unafanana na wa Brighton kwa sehemu, na kwa sehemu nyingine tuna bahati kuliko wao. Waingereza walianza kukusanya ushahidi wa magari ya 1896 baada ya zaidi ya miaka 30, wakati viwanda vingi vilikwisha kufungwa. Magari yetu ya Safari yana mafundi walioyahudumia ambao bado wako hai, wengine wameketi kwenye mabenchi ya gereji zilezile za Nairobi na Mombasa, na kichwani mwao kuna habari ambazo hazimo katika kadi ya gari: kwamba gari fulani lilichomelewa nguzo ya pembeni, kwamba injini yake ilitoka katika gari la ubalozi, kwamba namba ya chesisi iligongwa upya na nani na kwa sababu gani. Kizuizi cha umri wa magari yanayoingizwa Kenya kinamaanisha pia kwamba 404 nyingi unazoziona leo zimeishi hapahapa tangu zilipokuwa mpya, kwa hiyo historia yake yote, kama itatafutwa, itapatikana ndani ya nchi.

Kama ningekuwa na nafasi ya kuzungumza katika mkutano mkuu wa klabu yoyote ya magari ya kale katika ukanda huu, nisingependekeza kuanzisha kamati ya hukumu mwaka wa kwanza. Brighton yenyewe haikuanza na hukumu, ilianza na chakula cha jioni. Ningependekeza faili moja kwa kila gari, likae kwa katibu na si kwa mwenye gari, lenye nakala ya kadi, majina ya waliokuwa nalo kwa mfuatano, maelezo ya fundi yaliyoandikwa kwa maneno yake mwenyewe na kutiwa saini, na orodha ya kila kipande kikubwa kilichobadilishwa pamoja na tarehe. Na juu ya faili hilo iwekwe picha ya namba ya chesisi ilivyogongwa kiwandani, ipigwe kabla gari halijapelekwa kwa fundi wa rangi, kwa kuwa akishapitisha msasa pale na kupaka juu yake, hata kamati ya Brighton isingeweza kuisoma tena.